Kikombe Kinarudi Kitupu

4 Februari

Darubini wangu,

Usishangae kupata barua wakati una simu mfukoni. Masikio yangu siku hizi yanataka mtu apige kelele, na mimi nikijibu napiga kelele vilevile, kwa hiyo mazungumzo yangu yanasikika mpaka jikoni. Na jikoni ndiko kwenyewe. Barua hii nimempa fundi cherehani wa jirani, ndani ya sketi ya kupunguzwa kiuno. Ukijibu, tumia anwani yake.

Nataka unisikilize kama mtaalamu wa maabara kwanza, na kama mtoto wa kaka yangu baadaye.

Unajua natumia dawa ya kuzuia damu isigande tangu moyo ulipoanza kwenda mbio ovyo. Dawa hiyo haina mzaha. Ikipungua damu inaganda, ikizidi inavuja. Sasa naona madoa mwilini. La kwanza lilitokea mkononi, la bluu, ukubwa wa kiganja, na sikumbuki kujigonga popote. Mengine yapo mapajani na ubavuni. Jana nilipiga mswaki nikatema wekundu mtupu. Vidonge nameza vilevile, saa ileile. Mtu aliyekaa kwenye dirisha la dawa la hospitali zaidi ya miaka thelathini hawezi kukosea vidonge vyake mwenyewe.

Mke wa kaka yako huchemsha majani jioni. Ni majani makavu ya rangi ya kijani-kijivu, yanatoka kwa mama yake, na anayaweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Kila jioni naletewa kikombe, na kila jioni kikombe kinarudi kitupu. Akishanipa haondoki. Anasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, ananitazama.

Unakumbuka nilivyokueleza ulipokuwa unajiandaa na mtihani? Ini ni ofisi, na vimeng'enya ndio makarani. Dawa inaingia, makarani wanaishughulikia, inatoka. Iko mimea inayowafunga makarani mikono. Dawa inarundikana mezani, na kipimo kilekile cha jana kinageuka sumu leo. Mtu hahitaji kuweka sumu kwenye kikombe. Anahitaji jani tu.

Nyumba hii ni yangu mpaka nife, kisha ni ya kaka yako na mkewe. Sisemi zaidi.

Nimechota majani kidogo alipokuwa anamwogesha mtoto. Yamo kwenye bahasha ndogo. Yapime, na usimwambie kaka yako.

Shangazi yako


11 Februari

Shangazi, shikamoo.

Fundi wako ni mpelelezi aliyekosa ajira. Bahasha imefika imeshonwa kwa uzi mweusi pande zote nne, mpaka nikaifungua kwa wembe.

Nitayapima. Kazi yenyewe si ngumu: nitayachemsha kama anavyochemsha yeye, nichuje, kisha maji yake niyaweke pamoja na seli za ini kwa siku kadhaa, halafu nizipe dawa yako nione zinaivunja kwa kasi gani. Bosi ameniuliza majani ni ya nani, nikasema ya mteja mkorofi.

Mimi na wifi hatujawahi kuivana, hilo halina haja ya kupimwa. Tangu siku aliyoniambia mbele ya wageni, "Wifi, sahani ukishalia unainua," nilijua yule mtu ni maji ya kina kirefu. Lakini hili la kukusimamia mlangoni limenitia baridi. Mtu anayepeleka chai ya kawaida anaacha kikombe anakwenda zake.

Usinywe tena. Mwaga, ila asijue. Na uende kliniki wakupime damu, uwaambie habari za majani. Hilo la pili nakuomba sana.

Bintiyo, Darubini


20 Februari

Darubini,

Kliniki nimekwenda, ila kwa kubebwa. Pua ilianza kutoka damu tukiwa mezani, na haikukoma mpaka taulo la pili. Kaka yako alikuwa kazini. Mkewe ndiye aliyeita gari, akanishika kichwa njia nzima. Alikishika vizuri, nakiri. Hata hilo lilinitia shaka.

Daktari ni kijana, alipata kufanya mazoezi kwenye dirisha langu enzi zile. Kwa sababu siku hizi sisikii vizuri, haniulizi mimi. Anamuuliza aliyenileta, kama habari za mzigo zinavyoulizwa kwa mwenye mzigo.

"Kuna mitishamba yoyote bibi anakunywa nyumbani?"

Mke wa kaka yako akanitazama. Akamtazama daktari.

"Hapana."

Hapana, Darubini. Kavu. Hakutafuna hata neno.

Daktari akasema basi bibi amesahau akameza mara mbili, wazee hufanya hivyo, akacheka kidogo kwa heshima. Akaniambia nipumzishe vidonge siku chache, kisha nirudie kipimo kilekile. Mkwe wangu akaitikia, "Nitamsimamia, daktari." Nilimsikia vizuri tu. Nitamsimamia.

Niambie sasa: mtu asiye na la kuficha anamdanganya daktari kwa nini?

Siku hizi nakula mayai ya kuchemsha na mkate ninaoukata mwenyewe. Yai ukilifungua huwezi kulifunga tena. Fanya haraka na vipimo vyako.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Utanikasirikia, lakini nimempigia kaka. Sikuweza kulala na lile "hapana."

Nilimwambia, mkeo amemdanganya daktari kuhusu Shangazi. Akaniambia, "Usianze." Nikamwambia sianzi chochote, weka kiti, panda, tazama juu ya kabati. Simu ilibaki hewani. Nilisikia kiti, nikasikia kopo likifunguliwa, kisha nikamsikia akimwita mkewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Anasema alimuuliza ni nini, na kwa nini alikana. Wifi alijibu maneno mawili: "Muulize Shangazi." Basi. Hakulia, hakujitetea. Kaka anasema alikuja kukuuliza ukageukia ukutani. Nikamwambia mwache, ana hofu, wewe ungekuwa na miaka yake ungegeukia wapi?

Amemrudisha kwa mama yake. Mtoto amebaki na baba yake. Nimewapigia pia baba mdogo na dada zangu wote wawili, wajue mapema kabla hajawafikia na maneno yake. Sasa unaweza kula kwa amani.

Vipimo bado. Seli za ini zina mambo kama wazee, hazikimbizwi.

Darubini


6 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sijakuandikia ugomvi. Nipo kwa mama tangu mume wangu anirudishe. Hajaniuliza kitu, ananipa tu mchele nichambue, na ukiisha ananipa mwingine.

Uliponiomba majani, mwezi wa Septemba, ulikuwa hulali. Nilikukuta umekaa ukingoni mwa kitanda ukaniuliza, "Mama yako yeye hutumia nini?" Nikasema majani tu, Shangazi, na wewe mambo hayo huyataki. Ukasema niletee, ila siku nitakayosikia umeyataja kliniki, mimi na wewe hatutasemezana tena. Ukanishika mkono mpaka nikaapa.

Daktari aliponiuliza nilikutazama. Nilikuwa nakuomba ruhusa. Ukatazama dirishani.

Nilikuwa nasimama mlangoni kwa sababu wiki ya kwanza kikombe kilikuponyoka ukaungua paja, ukanikataza nisimwambie mtu hilo nalo. Kopo nililiweka juu kwa sababu ya mtoto.

Mume wangu ananiuliza kila siku kwa simu, uliweka nini? Nikisema wewe ndiye uliyeomba, atakuja kukuuliza, na ukikana nitakuwa muongo mara mbili. Kwa hiyo nangoja useme wewe. Sitaki kurudishwa kwa kuonewa huruma. Nikirudi, nirudi na jina langu.

Mtoto halali bila taa ya koridoni kuwaka. Baba yake hajui hilo. Naomba umwambie.

Mkweo


14 Machi

Shangazi,

Nimerudia kipimo mara tatu kwa sababu jibu la kwanza sikulipenda, wala la pili.

Seli za ini zilizokaa na maji ya majani yako zilivunja dawa yako haraka kuliko zile zilizokaa na maji matupu. Karibu maradufu. Nilikuwa natafuta jani linalowafunga makarani mikono, nimekuta jani linaloajiri makarani wapya.

Nikamwomba kaka anisomee kadi yako ya kliniki. Kipimo chako cha dawa kilipandishwa Oktoba, kikapandishwa tena Desemba, kwa sababu damu yako ilikuwa inakataa kulainika. Daktari alikuwa anashindana na kikombe bila kujua kuna kikombe.

Sasa nakurudishia nusu ya pili ya somo, ile uliyoniambia nisiisahau kwa sababu watahini wanaipenda. Siku kazi ikikatika, makarani wa ziada hawaondoki jioni ileile. Wanatoka mmojammoja, wiki mbili, wiki tatu. Mwishowe ofisi inabaki na wachache kama zamani, na dawa bado inaingia kwa kipimo kikubwa kile. Hapo mtu anavuja damu na hakuna aliyemgusa.

Anayekunywa majani haya hapati madoa yale. Anayapata aliyeacha.

Mimi nilikuambia uache tarehe kumi na moja Februari. Madoa yalikuwepo kabla. Nimesoma tena barua yako ya kwanza, polepole, kama ulivyonifundisha kusoma karatasi ya maswali. Uliandika kikombe kinarudi kitupu. Hukuandika popote kwamba unakunywa.

Uliacha lini, Shangazi? Na kwa nini umenyamaza?

Leo nampigia kaka akupeleke kliniki. Usimeze kidonge kingine mpaka daktari ajue yote. Nakusihi.

Darubini


29 Machi

Darubini wangu,

Simu yako ilifika kabla ya barua yako, na damu ilifika kabla ya simu. Safari hii ilitoka tumboni, nyeusi kama mashapo ya kahawa. Wamenitia damu ya watu nisiowajua, wamenipa dawa ya kuifunga, kisha figo nazo zikagoma. Wamenirudisha nyumbani, na sote wawili tunajua mgonjwa wa namna hii anarudishwa nyumbani kufanya nini. Kwa hiyo nisome bila kunikatiza.

Niliacha katikati ya Januari. Majani yalikuwa yamenipa usingizi ambao sijaupata tangu nistaafu, na ndio ulionitisha. Mtu aliyezoea kukesha akilala sana anaanza kutafuta aliyemlaza. Jioni moja nilizinduka nikamkuta amesimama mlangoni, na wazo likaingia. Likishaingia, kila kitu kinalilisha. Kopo kuwa juu, kunisimamia, wema wake wenyewe.

Nikawa namtuma akaniletee miwani, na miwani iko chini ya mto. Akitoka namimina majani kwenye chombo cha haja chini ya kitanda. Asubuhi yeye ndiye aliyekibeba kwenda kukimwaga.

Barua yake ya tarehe sita naiambatisha. Kila neno ni kweli. Mimi ndiye niliyeomba, mimi ndiye niliyemwapisha. Kwenye dirisha langu nilikuwa nimebandika kwa mkono wangu karatasi yenye maandishi mekundu ya kuwakejeli wanaotumia mitishamba: WENYE MIZIZI WASILETE RISITI. Watu walicheka foleni nzima, na yule daktari kijana alicheka zaidi ya wote. Ningemwambiaje kwamba mimi nalala kwa majani ya kopo?

Sasa lililo baya zaidi. Kuacha bila kusema ilikuwa hofu, na hofu naisamehe. Lakini kule kliniki, mkwe wangu aliponitazama, nilijua anaomba nini. Na daktari aliposema nirudie kipimo kilekile, somo zima lilinijia hapohapo kitini, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Nikajua hakuna aliyenifanya kitu. Nikajua nitavuja tena. Nikatazama dirishani. Nilijiambia nitajipunguzia mwenyewe kimyakimya, nusu kidonge, bila kumwambia mtu. Nilipunguza kidogo mno.

Kisha nikarudi nyumbani nikachukua kalamu nikakuuliza mtu asiye na la kuficha anadanganya kwa nini. Nilikuwa najua jibu. Nilitaka tu lisiwe langu.

Kaka yako nilimwambia hospitalini. Alikuwa amesimama na koti begani. Alitoka palepale akaenda kumchukua mkewe. Jioni yake mkewe aliingia chumbani, akanigeuza ubavu, akanibadilisha shuka, kisha akasema, "Shangazi, umemwambia yeye. Wale walioambiwa na wifi wataambiwa na nani?"

Alijitolea kuniandikia nikakataa. Barua ya kumsafisha ikija kwa mwandiko wake, nani ataiamini? Wewe ungekuwa wa kwanza kuipeleka kwenye taa. Kwa hiyo huu ni mkono wangu, na kama unatetemeka, umetetemeka siku nne kwenye kurasa hizi. Ananishikia sinia chini ya karatasi na ameelekeza uso ukutani asisome. Tazama unavyotaka, mwandiko ni wangu.

Daktari ameambiwa yote, mpaka kopo. Hakucheka. Aliandika jina la mmea, akaomba wamletee tawi, akaniambia, "Asante, mwalimu." Angecheka ningepona kidogo.

Jana jioni mkwe wangu aliniletea maji ya moto, matupu, kwenye kikombe kilekile. Akasimama mlangoni. Sijui nini kilinituma, nikamwambia, "Hebu niletee miwani."

"Ipo chini ya mto, Shangazi. Huwa ipo chini ya mto."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwaga chombo. Majani yale yananuka hata yakichanganywa na nini. Nilidhani uchungu wake umekushinda na unaona haya kuniambia. Nikasema nisikuaibishe."

Unaona, Darubini? Angenisema siku ile, mbele ya mtu yeyote, ningekuwa hai mwakani. Lakini adabu yake ilinifichia, kama mimi nilivyomfundisha.

Maji niliyanywa yote. Kikombe kimerudi kitupu, na sasa unajua yalikwenda wapi.

Begi lake lipo koridoni. Tangu arudi hajalifungua. Anatoa nguo moja moja kwa pembeni, kama mtu aliye stendi. Wasomee barua hii wote uliowapigia, baba mdogo na dada zako, neno kwa neno, kisha umpigie yeye. Masikio yangu yamekwisha, ila zipu ya lile begi nadhani nitaisikia.

Shangazi yako


17 Aprili

Wifi,

Ulipokea simu yangu vizuri kuliko nilivyostahili, na kwenye mazishi hatukupata nafasi, kila mtu alikuwa anauliza sukari iko wapi na wewe peke yako ndiye uliyejua. Kwa hiyo naandika. Naona ni ugonjwa wa ukoo.

Niliwasomea wote, neno kwa neno. Baba mdogo alinifanya nirudie ile sehemu ya dirishani. Dada zangu watakuja kwako wenyewe, wakichelewa niambie.

Kuna jambo sikukuambia kwa simu. Barua ya Shangazi ilipofika, ukurasa wa tatu ulikuwa na doa la kahawia pembeni. Kabla sijasoma hata mstari mmoja nilikuwa nimeshika mkasi, na kichupa cha sampuli kipo tayari mezani. Nilitaka kukata ile pembe niipime. Nilisoma nikiwa na mkasi mkononi mpaka nilipofika mahali alipoandika kwamba ningeipeleka kwenye taa. Nikauweka chini. Doa lile sijui ni la nini mpaka leo, na sitalipima.

Kaka ameniambia kwamba jioni ile niliyopiga, tulipomaliza ulikwenda koridoni kufungua begi lako, na Shangazi akafungua macho.

Nakuja Jumamosi. Nitakuta umechoka, kwa hiyo vyombo nitaosha mimi, na sahani yangu nitaiinua. Jioni nichemshie chochote unachokunywa wewe. Ila usinisimamie mlangoni, wifi. Vuta kiti, uje na kikombe chako.

Darubini